Mlishi wa Matumbo Kumi na Moja

Kijiko cha kwanza cha uji kilikuwa cha Ombeni. Namsifu Mjema hakuhitaji kutazama skrini ili kulijua hilo. Alimeza, akasubiri, na baada ya sekunde nne akahisi chini ya mbavu zake za kushoto kitu kikifunguka kwa shida, kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Huyo alikuwa Ombeni. Wakafuata pacha wawili wa karibu na dirisha, kwa pamoja kama kawaida yao, kisha yule msichana wa Hedaru ambaye tumbo lake lilikuwa na haraka, kisha wengine, hadi wakatimia kumi na mmoja.

Upande wa pili wa ukuta wa kioo, wauguzi walikuwa wakiwalisha watoto uji uleule wa ulezi, kijiko kimoja kila sekunde ishirini, wakimfuatisha yeye. Namsifu alikula kwa mwendo huo bila saa. Alikuwa amefanya kazi hii kwa miezi kumi na tisa, mara tatu kwa siku, dakika arobaini kila mlo. Hakukumbuka tena mara ya mwisho alipokula kwa sababu ya njaa.

"Leo umepiga mwendo mzuri, Mwalimu," alisema Bi Mwanaidi, mpishi, akiondoa bakuli.

"Nimepiga mwendo wa jana."

"Basi jana pia ulikuwa mzuri." Bi Mwanaidi hakucheka. Alisimama na bakuli mkononi kana kwamba amesahau njia ya jikoni. "Lakini umeshiba, Mwalimu?"

"Nimekula gramu mia tatu na ishirini. Kama kila siku."

"Sawa. Bora umeshiba."

Akaondoka. Namsifu alimtazama mpaka mlango ulipofungwa. Miaka ishirini na minane ya kufundisha baiolojia ilikuwa imemfundisha kutolipa jambo moja uzito wa mambo mawili. Akaliweka swali lile pembeni, akainuka, akajifunga kanga juu ya sweta, na kutoka kwa matembezi yake.

*

Homa ya masika iliingia mara ya kwanza mwaka 2061, na tangu hapo ilirudi kila mvua zilipokuwa nyingi. Haikuua watoto wengi. Ilichokiua ni neva ya kumi, ile ndefu inayotoka kichwani, ikashuka shingoni, ikapita kifuani na kuishia tumboni. Utumbo wenyewe una neva zake, mamilioni kwa mamilioni, na hizo homa haikuzigusa. Lakini neva za utumbo bila neva ya kumi ni kama kiwanda ambacho simu zake zimekatwa: mashine zinazunguka, wafanyakazi wapo, ila hakuna anayejua mzigo umefika. Chakula kilikaa tumboni mwa mtoto mpaka kikachacha. Mtoto akavimba, akatapika, akakonda huku bakuli likiwa mbele yake.

Wahandisi walijaribu kwanza kurekodi. Walichukua ishara za neva ya mtu mzima anayekula vizuri, wakazipeleka kwenye kipokezi kidogo kama punje ya mtama kilichoshonwa chini ya ubavu wa mtoto. Kilifanya kazi siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu matumbo yaliacha kusikiliza. Sababu ilikuwa imeandikwa katika vitabu vya shule kwa karne nzima, na Namsifu alikuwa ameifundisha mwenyewe ubaoni: kati ya kila nyuzi mia za neva ya kumi, takriban themanini hupeleka habari juu, na ishirini tu ndizo huleta amri chini. Tumbo ni msemaji zaidi kuliko msikilizaji. Tumbo lisilojibiwa hunyamaza, na rekodi haiwezi kujibu.

Basi alihitajika mtu hai. Mtu wa umri wa kutosha, mtulivu, asiye na vidonda vya tumbo, atakayevaa mkufu mwembamba kama kamba ya kiatu upande wa kushoto wa shingo, ale, na mwili wake usikie na kujibu. Waliitwa walishi. Mlishi mmoja alibeba watoto kumi na wawili kwa kikomo. Kumwoanisha mlishi mpya na watoto wake kulichukua siku tisa, na hakuna aliyefanikiwa kuzipunguza.

Mkufu ulivuliwa mara moja tu kwa siku, saa nne na nusu asubuhi, matumbo yakiwa tupu, ili usafishwe. Dakika kumi na tano. Ya kumi na sita ilikuwa imewahi kujaribiwa, na haikujaribiwa tena.

*

Ratiba iliyobandikwa mlangoni kwake ilisema: Saa tatu, matembezi, getini na kurudi. Neno "getini" lilikuwa limeongezwa kwa kalamu na Daktari Semvua mwenyewe, baada ya kugundua kwenye michoro kwamba mlishi akicheka asubuhi, matumbo ya watoto hufunguka mapema mchana. Getini ndiko alikokuwa Lyatuu.

Lyatuu alikuwa mlinzi, Mchaga wa Machame, mtu wa miaka sitini na mbili mwenye kofia ya buluu. Namsifu alikuwa Mpare wa Mbaga. Kwa hiyo walikuwa watani, na utani wao haukuhitaji kufahamiana. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kumuuliza jina, Lyatuu alimpekua mfuko akasema anatafuta hati ya mashtaka, kwa sababu Mpare hasafiri bila kesi. Juzi tu alikuwa amemwambia, "We Mpare, umeamka? Nilidhani umekwenda mahakamani kuishtaki mvua." Naye akamjibu, "Na wewe umekaa hapo unaumwa, unaona watu wanapita geti bure na huna tiketi za kuwakatia." Kwa miezi kumi na tisa hakuna asubuhi ambayo mtu huyu alikuwa amempa heshima hata ya punje.

Alipokaribia, Lyatuu alisimama. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Namsifu alisimama. Mvua ya jana ilikuwa imeacha matope getini, na nyuma ya geti barabara ilikwenda moja kwa moja kupitia mashamba ya mkonge, kisha ikaanza kupanda milima. Siku za wazi kama hii aliweza kuona ukingo ambao Mbaga ilikuwa nyuma yake.

"Marahaba," alisema. "Umeumwa?"

"Hapana, mama. Mzima tu, Mungu anasaidia."

Ushahidi mmoja ni tetesi. Alihitaji jaribio. Akachagua tusi kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo, ambalo alikuwa amelitunza kwa sikukuu.

"Nimesikia babu yako alipobatizwa alimuuliza padri kama yale maji akibaki nayo anaweza kuyauza."

Lyatuu alikunja kofia yake mara mbili. Midomo ilimcheza. Akatazama matope.

"Ndiyo, mama," alisema.

Hapo tumbo la Namsifu lilifunga. Hakuliamuru, wala hakuwa bado amemaliza kufikiri. Lilijikunja lenyewe kama ngumi, na sekunde nne baadaye akawahisi, mmoja baada ya mwingine, wakijikunja naye: pacha, msichana wa Hedaru, wote. Kengele ikalia kule ndani. Kupitia kelele yake alimsikia mtoto akitapika, na alijua ni nani.

*

Daktari Semvua alikuwa Msambaa wa miaka thelathini na minane, mwenye desturi ya kuosha mikono hata pale ambapo hakuna alichogusa. Alikuwa anaiosha Namsifu alipoingia ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu. Kaa. Umepata—"

"Usiniulize kama nimeshiba. Nimeshaulizwa leo." Namsifu aliketi. Alizungumza polepole kwa sababu pumzi ilimpungukia. "Kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa na njaa. Anaachwa ale kwanza. Mpishi ananiuliza kama nimeshiba, kisha anashindwa kutoka mlangoni. Mtani wangu ananiamkia. Simu ya ukumbini ina karatasi inasema inatengenezwa, na jana asubuhi ilikuwa nzima. Nimeorodhesha vizuri?"

Daktari alikausha mikono. Kwenye skrini nyuma yake mistari kumi na moja ilikuwa imelala chini.

"Kuna kifungu cha kumi na moja, Mwalimu," alisema.

"Nakijua. Nilikisoma kabla ya kusaini. Nilisahihisha hata koma zake. Taarifa ya msiba itacheleweshwa mpaka mlishi mbadala awe ameoanishwa. Nani?"

Daktari alitundika taulo.

"Mama?"

"Jana saa nane mchana. Kifua. Mpwa wako Kiondo alikuja mwenyewe getini saa kumi na moja."

Namsifu aliitazama mistari. Ulishuka zaidi mmoja, wa tatu kutoka juu.

"Ungenificha siku ngapi?"

"Sita. Bi Sharifa, aliyekuwa tayari anaandaliwa kukupokea zamu, ameshaoanishwa siku tatu."

"Na kila siku ungenilisha."

"Ndiyo."

"Nikashiba."

"Ndiyo, Mwalimu." Daktari akavuta kiti, akaketi kando yake badala ya mbele yake. "Sasa unajua, kwa hiyo kifungu hakina kazi. Sina haki ya kukuzuia. Nikifungua huo mkufu sasa hivi, gari lipo, uko Mbaga kabla ya saa nane. Wanazika kesho, saa nane mchana."

"Watoto?"

"Kumi nitawaweka kwenye dripu. Ya lishe, ya mshipani. Watazimudu hizo siku sita. Watapata shida, lakini wataishi."

"Kumi."

"Kumi."

"Na Ombeni?"

Daktari alianza kuinuka kwenda kwenye sinki, akajizuia.

"Mishipa yake unaijua. Ile ya mkono imekwisha, ya mguu imekwisha, ya shingoni ilipata usaha mwezi uliopita. Na ini lake halitaki dripu."

"Nitajie namba."

"Kilo nane na gramu mia tisa."

"Siku ngapi?"

"Mbili. Labda tatu."

"Labda si namba, Daktari."

"Tatu, basi. Siwezi kuzifanya nne."

Nje mtu alikuwa anafagia maji ya mvua barazani, akiyasukuma, nayo yakirudi.

Namsifu alipima. Mama yake alikuwa amekufa, na hali hiyo isingebadilika kufikia kesho saa nane, awepo asiwepo. Hali ya Ombeni ingebadilika. Hesabu ilikuwa na mistari miwili tu, na ilimkera jinsi ilivyotoka haraka. Alitamani iwe ngumu zaidi. Kwa mwanamke aliyembeba mgongoni akishuka mlima na ndizi kichwani ili yeye asome, hesabu ilistahili kuchukua angalau mchana mmoja.

"Mtoto wa kwanza kuzaliwa ndiye anayetupa udongo wa kwanza," alisema. "Mimi ndiye wa kwanza."

"Najua."

"Hujui. Wewe ni kitinda mimba." Akajikamata kwenye meza, akasimama. "Sitauvua. Lakini kukaa nimeuvaa hakutoshi. Angalia hiyo mistari. Tumbo langu limefunga, na siwezi kuliamuru. Nilifundisha watoto wa watu miaka ishirini na minane kwamba halina amri. Utafanyaje?"

"Sijui," alisema Daktari Semvua. "Tusubiri."

*

Kwanza alirudi getini. Lyatuu alikuwa bado ameshika kofia.

"We Mchaga. Hujui kazi yako?"

"Mama—"

"Usiniite mama. Mama yangu amekufa jana, na mtani wake amesimama hapa amevua kofia kama askofu."

Lyatuu alifuta uso kwa kofia ileile. "Waliniambia nisiseme. Nikajua nikifungua mdomo kukutukana, litatoka hilohilo. Mtani akisikia msiba wenu, tusi analolijua ni la marehemu. Sina jingine. Basi nikanyamaza."

"Ukanyamaza vibaya. Umemtapisha mtoto."

"Nisamehe."

"Sikusamehe, nenda Mbaga. Kesho saa nane wanazika. Mimi siwezi kutoka. Nenda ukalale kaburini kama inavyotakiwa, uwasumbue, wasilitie jeneza mpaka wakutoe. Mama alikuwa na miaka themanini na minne. Akizikwa bila mtani kaburini watasema alikuwa mtu wa bure. Halafu udongo wa kwanza, mwambie Kiondo umetumwa na Namsifu, uutupe wewe."

Lyatuu alivaa kofia, akaiweka sawa.

"Nitawaambia shimo ni langu," alisema.

*

Chakula cha mchana kilichelewa kwa saa mbili na nusu. Watoto walilia, kisha wakachoka kulia. Namsifu alilala kitandani kwake macho wazi, hafanyi lolote, mkufu ukimchoma kidogo shingoni kama unavyofanya ukipeleka ishara nyingi. Alijaribu kutofikiri juu ya mama, akashindwa. Akajaribu kufikiri juu yake, akashindwa pia.

Saa tisa na dakika kumi alihisi kitu kidogo. Hakikutoka kwake. Kilitoka chini, upande wa kushoto, kizito na cha taratibu: mtoto alikuwa na njaa. Njaa ya kawaida, isiyo na habari ya msiba wowote. Ikafuata nyingine, kisha mbili kwa pamoja. Zilipanda shingoni kama watu wanaokuja kuuliza kulikoni. Zilikuwa kumi na moja, yeye alikuwa mmoja, na hawakumwelewa. Ngumi iliyokuwa tumboni mwake ikaanza kufunguka kidole kimoja kimoja.

Daktari Semvua alimwonyesha mchoro baadaye, kwa sauti ya mtu aliyeona jambo jipya na anayeona aibu kulifurahia. "Tazama mshale. Ishara za kutoka kwao zimetangulia zako kwa dakika sita. Si wewe uliyewatuliza, Mwalimu. Wao ndio wamekutuliza."

"Nyuzi themanini kwa ishirini," alisema Namsifu. "Mara kumi na moja."

"Sikuwahi kulifikiria hivyo."

"Mimi nimeliandika ubaoni, na sikulifikiria."

Wakala saa tisa na nusu. Ombeni alikuwa wa mwisho kufunguka, lakini alifunguka.

Kesho yake, Alhamisi, saa saba mchana, Bi Mwanaidi alileta makande, mahindi laini na maharage, chumvi kidogo, kama yalivyopikwa kwao. Hakuuliza kitu. Namsifu alikula kwa sekunde ishirini ishirini, akamaliza saa nane kasoro dakika ishirini. Akaketi dirishani kuukabili mlima.

Saa nane ilipofika alijua kwamba pale juu jeneza lilikuwa limeletwa ukingoni. Aliwaza mikono ya nani imeshika kamba. Akaitafuta huzuni mahali ilipopaswa kuwa, chini ya mfupa wa kifua, na mahali pale alikuta makande. Alikuta shibe ya watoto kumi na mmoja, nzito, ya vuguvugu, ikimsukuma kuelekea usingizi. Macho yalimlegea. Aliitaja sauti ya mama, kanga yake ya zambarau, kikohozi chake cha alfajiri, kitu kimojakimoja kama mtu anayejibonyeza jino aone kama linauma. Halikuuma. Akapiga miayo.

Kifungu cha kumi na moja kilichelewesha taarifa tu, na taarifa alikuwa ameipata. Huko kupiga miayo wakati mama yake anazikwa hakukuandikwa popote, na kwa hiyo hapakuwa na koma ya kusahihisha.

*

Ijumaa saa nne na dakika ishirini na tano Lyatuu alikuwa mlangoni mwa chumba cha kusafishia, viatu vikiwa na udongo mwekundu wa mlimani. Daktari Semvua alikuwa ameweka saa ya mezani mahali wote wanapoweza kuiona.

"Usianze," Namsifu alimwambia Lyatuu. "Ngoja mkufu ufunguliwe."

Saa nne na nusu mkufu ulivuliwa. Ukimya uliingia mwilini mwake ghafla, kama kila siku, ukimya wa nyumba ambayo watoto wote wameenda shule. Siku nyingine alizitumia dakika hizi kuosha shingo. Leo alikaa kwenye benchi, mikono magotini.

"Sema."

"Nilifika mapema," alisema Lyatuu. "Nikaingia shimoni kabla ya jeneza, nikalala chali. Nikawaambia huyu bibi haingii humu, shimo hili nimelipata mimi, anataka kulala atafute lake. Na nikasema bibi mwenyewe mchoyo, hata kufa amesubiri mvua ili asinunue maji ya wageni."

"Wakasemaje?"

"Wapare! Walikaa kikao. Mimi nimelala matopeni, baridi inaniingia, wao wamechagua mwenyekiti na katibu. Mjomba wako mmoja akasema nipewe notisi ya siku thelathini."

Daktari Semvua aligeukia ukuta, mabega yakitikisika.

"Huyo ni mjomba Sekiete," alisema Namsifu.

"Wakanitoa kwa jogoo. Jogoo mwenyewe anakohoa. Nimemwacha kwa mpwa wako atibiwe."

Dakika ya tano. Namsifu alihisi uso wake ukicheka, na nyuma ya kicheko kitu kikitembea, bado mbali.

"Udongo?"

"Niliutupa. Kiondo aliwatangazia kwamba ni mkono wa Namsifu. Niliutupa kwa kushoto, maana wewe unaandika kwa kushoto, nimekuona ukisaini daftari la geti. Watu wakanyamaza. Shangazi yako mmoja akasema, ndiye, huo ni mkono wake."

Dakika ya nane.

"Alivishwa nini?"

"Kanga ya zambarau."

"Siku ile, alikula?"

Lyatuu alifikiri, kama shahidi anayetaka kuwa sahihi. "Kiondo anasema alikula. Asubuhi, kibakuli kizima cha makande. Akalalamika chumvi imezidi. Akasema anayepika hivi anataka kumuua."

Hapo ndipo kilipofika. Kilimtoka kwa sauti ambayo hakuijua, akainama mpaka paji likagusa magoti, na Lyatuu akaketi sakafuni karibu na miguu yake na kuvua kofia, safari hii bila kosa. Hakumgusa. Alisema polepole, "Lia, we Mpare. Lia, leo hakuna ushuru," na akaendelea kusema hivyo. Saa ya mezani ilionyesha dakika ya kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu.

"Mwalimu," alisema Daktari Semvua, akionyesha saa. "Mbili."

Alilia dakika moja zaidi. Kisha akainua kichwa, akapangusa shingo kwa upindo wa kanga ili ngozi iwe kavu, na kumgeuzia daktari upande wa kushoto. Daktari akauvisha mkufu, na kifungo kikashika.

Watoto walirudi wote. Kilio kilikuwa bado kinamjia kilipokatika, kama maji ya bomba mtu anapofunga koki barabarani. Alikitafuta, akakuta njaa ndogo ndogo kumi na moja zikingoja saa saba. Kwenye skrini mistari ilishuka, ikakaa chini kama dakika tatu, ikapanda.

"Ombeni amepimwa?" aliuliza.

"Kilo nane na gramu mia tisa na thelathini," alisema Daktari Semvua. "Jumanne Bi Sharifa anachukua. Utakuwa huru, gari litakupeleka."

"Matanga wanaanua Jumatatu."

Daktari akaenda kuosha mikono.

Namsifu alihesabu. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, na Jumanne asubuhi kabla ya kukabidhi. Kumi na tano mara nne. Saa moja kamili kwa miaka themanini na minne.

Lyatuu alikuwa amefika mlangoni, akijiandaa kuaga kama anavyopaswa mtu aliyetoka mazikoni, na pole zake zote na baraka za wa nyumbani.

"Kesho uje saa nne na robo," Namsifu alimwambia. "Simama hapo, nyamaza, ngoja ufunguliwe. Na uanze moja kwa moja na matusi. Sina dakika za salamu."